KARO IMEBADILI JINA TU

Ndugu Wanachama,

Wako wakubwa wasemao kwamba mzazi wa Kware anayelalamika juu ya fedha za shule ni mvivu, maana elimu ni ya bure. Nataka kuwajibu, nami nitaanza na reli kwa kuwa ndiyo kazi yetu.

Mwaka 1902 watoto wa Wazungu walifunguliwa shule karibu na stesheni ya Nairobi. Mwaka 1906 watoto wa Wahindi wa reli nao wakapata yao, ambayo leo yaitwa Jamhuri. Mtoto wa Mwafrika aliyebeba mataruma aliachiwa misheni, ajifunze Biblia na kushika randa. Sekondari ya kwanza ya Waafrika, Alliance, ilingoja mpaka 1926, tena ilianzishwa na umoja wa misheni, si reli.

Uhuru ulikuja 1963 na ahadi ya elimu ya bure. Mwaka 1974 karo ya darasa la kwanza mpaka la nne ikaondolewa, watu wakashangilia. Shangwe hazijatulia, ikaja fedha ya majengo, na mahali pengi ilizidi karo yenyewe! Mwaka 1988 tukaambiwa tuchangie gharama. Mimi ni mtoto wa miaka hiyo. Muhula mmoja nilirudishwa nyumbani mara tatu kwa ajili ya fedha ya dawati. Baba, mtu wa genge la njia, akakopa, akalipa. Dawati lenyewe sikuliona. Tulikaa watano kwa benchi moja, nikaandikia magotini.

Januari 2003 karo ya msingi ikafutwa tena. Hesabu ya watoto ikapanda kutoka milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Basi nawauliza wakubwa: hao zaidi ya milioni moja walikuwa wapi? Wazazi wao walikuwa wavivu mpaka Desemba, wakaamka Januari? Hapana. Kilichowazuia ni fedha.

Na sasa je? Katiba ya 2010, kifungu cha 53, yampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure. Sheria ya Elimu ya 2013 yakataza mtoto kufukuzwa kwa kukosa kulipa. Lakini mgawo wa mtoto wa shule ya msingi uliwekwa shilingi 1,420 kwa mwaka, haufiki shilingi nne kwa siku. Wa sekondari ya kutwa uliwekwa 22,244, na Julai 2025 Waziri wa Fedha akaiambia kamati ya Bunge kwamba awezazo kutoa ni 16,900. Hizo 5,344 nani atazijaza? Mwalimu mkuu hachapi noti. Atamwandikia mzazi: fedha ya mitihani, fedha ya mlinzi, fedha ya chakula. Simlaumu sana, naye katwishwa mzigo usio wake.

Sheria hiyo hiyo yamshtaki mzazi asiyempeleka mtoto shule. Vema. Na anayemrudisha mtoto langoni saa mbili asubuhi, ashtakiwe na nani?

Nyongeza ya mshahara ikiliwa na fedha ya mlinzi wa shule, chama kimetupigania nini? Kila aliyetozwa alete risiti kwa karani wa tawi kabla ya mkutano wa mwezi ujao. Asiyepewa risiti aandike tarehe, kiasi, na jina walilolipa fedha hiyo. Tutazipeleka zote pamoja mbele ya Bodi ya Elimu ya Kaunti ya Kajiado.

Ni mimi mwenzenu,
Mfanyakazi wa Reli, Kware