Treni Ipimwe kwa Safari ya Abiria

Reli ilifika Arusha mwaka 1929 ikitokea Tanga kupitia Moshi, na mwaka 1963 kipande cha Ruvu hadi Mruazi kikaiunganisha na Reli ya Kati. Ilipofika Oktoba 2020, baada ya miaka zaidi ya 30 ya ukimya, Shirika la Reli Tanzania (TRC) lilirejesha treni ya abiria kutoka Dar es Salaam hadi Arusha. Urejeshaji huo unastahili shukrani, ila haujibu swali la ubora wa huduma yenyewe.

Waendeshaji wa reli wamezoea kuhesabu treni zilizofika kwa wakati, hesabu ambayo huficha mengi. Zikiwapo treni kumi, tisa zenye abiria 100 kila moja zikawahi, na ya kumi yenye abiria 900 ikachelewa, taarifa itasema asilimia 90 zimewahi, ilhali nusu ya wasafiri wamechelewa. Ndiyo maana shirika la reli la Uswisi, SBB, huhesabu pia abiria waliofika kwa kuchelewa chini ya dakika 3.

Kwa mkazi wa Kwa Mrombo, jijini Arusha, safari huanza mlangoni pake, anapotafuta daladala au bodaboda ya kumfikisha stesheni na mizigo yake, na huisha anapofika anakokwenda. Ndani yake kuna gharama isiyoandikwa kwenye tiketi, nayo ni akiba ya muda, yaani saa ambazo msafiri hulazimika kuzitenga kwa kuwa haiamini ratiba. Treni ya polepole inayotimiza ahadi yake huenda ikamfaa kuliko ya kasi isiyotabirika, kwa maana mwenyeji wake atajua saa ya kumpokea. Kiwango cha Ulaya cha mwaka 2002 kuhusu ubora wa usafiri wa umma hutenganisha huduma anayoitarajia abiria, inayolengwa na mwendeshaji, inayotolewa kweli, na ile abiria anayoiona. Katika mapengo baina ya hizo nne ndimo malalamiko huzaliwa.

Inaipasa basi LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ishirikiane na baraza la watumiaji wa usafiri ardhini kutangaza ucheleweshaji kwa idadi ya watu, ukipimwa pia katika stesheni za njiani za Korogwe, Same na Moshi. Wahesabiwe vilevile waliokosa tiketi wakapanda basi, kwani hao hawamo katika daftari lolote la behewa.