Homa ya Mimba? Thubutu!

Mwezi huu naongea na mnaosubiri mtoto, na kina baba msifunue ukurasa!

Kuna dada Kariakoo ninayenunua kwake vitenge, mimba yake miezi mitano. Nilimkuta kajifunika khanga mbili, jua la saa saba, anatetemeka. "Mimba tu hii, shoga." Na mumewe eti kasema hivyo hivyo. Jamani!

Kweli malaria imepungua Dar, lakini haijaisha, na wengi wetu tunaenda na kurudi mikoani. Kwa mjamzito, vimelea vyake vina ujanja wa pekee: vinajificha kwenye kondo la nyuma. Michal Fried na Patrick Duffy walionyesha mwaka 1996 jinsi vinavyonata pale, na baadaye wakafanya utafiti kwa kina mama wa Muheza, Tanga. Ndiyo maana mama anaweza kuwa na malaria bila hata homa kali.

Sasa sikiliza. Kinga ya mama ikishtuka, chembe zake huitana kwa kemikali ziitwazo saitokini. Ugomvi huo unapiganwa mlangoni pa mtoto! Pampu za kumpitishia amino asidi hupungua nguvu, naye huzaliwa na uzito mdogo.

Kondo pia hushughulika na serotonini, kemikali inayosaidia kuujenga ubongo mchanga. Huichota kwenye damu ya mama, na pia huitengeneza lenyewe kwa triptofani, moja ya hizo amino asidi. Kwa panya wenye mimba, kinga ikichokozwa kondo hutengeneza serotonini kupita kiasi, na ubongo wa mtoto huvurugika. Hao ni panya, usikeshe na hofu. Ila ujumbe umeupata: homa ya mama haiishii kwa mama.

Basi fanyeni hivi. Anza kliniki mapema, kabla ya wiki ya 12. Lala ndani ya chandarua. Kuanzia mwezi wa nne meza SP kama mhudumu atakavyokupa, angalau dozi 3, kila moja ikipishana mwezi na nyingine. Kama unatumia Septrin kila siku mwambie, maana haziendi pamoja. Ukihisi homa, pima siku hiyo hiyo.

Na wewe kaka, kitanda cha mtoto kitasubiri. Funga duka nusu siku, mpeleke mama kliniki. Tukutane mwezi ujao!