Umeme Ukirudi

Umeme ukirudi baada ya kukatika, taa hufifia kidogo kabla ya kutulia: friji za mtaa mzima zimeamka kwa pamoja. Mota iliyosimama huhitaji mara tano hadi nane ya mkondo wake wa kawaida ili ianze kuzunguka. Adapta ya kompyuta, yenye kapasita tupu, huvuta makumi ya ampea kufumba na kufumbua. Huo ndio mkondo wa mwanzo, na toleo hili linachunguza viwango vinausemaje.

Kila mwagizaji humuuliza mpimaji wa maabara swali lile lile: ampea ngapi zinaruhusiwa? Kiwango cha IEC 61000-3-3, cha vifaa visivyozidi ampea 16 kwa fezi, hakimjibu. Chenyewe hutazama volti zinavyoshuka kifaa kikiwashwa, na mipaka yake ni asilimia 4, 6 au 7. Mashine ya kukaushia nywele, iliyo mkononi mwa mtu, hupewa 7. Kifaa kinachojiwasha zaidi ya mara mbili kwa siku hupewa 6, kwa sharti kwamba baada ya umeme kukatika kisubiri makumi ya sekunde au kiwashwe tena kwa mkono. Kisichotimiza sharti hilo hubaki na 4. Wenye friji Dar es Salaam na Nairobi wanaijua subira hiyo kupitia vile vidude vya kulinda friji, ingawa walivinunua kwa kuihurumia kompresa tu.

Kifaa cha kuwashwa kwa mkono huwashwa mara 24 maabara. Tokeo kubwa na dogo kabisa hutupwa, na 22 yaliyobaki hutafutiwa wastani. Kipimo ni cha nusu mzunguko, yaani milisekunde 10. Kwa hiyo kilele cha ampea 60 kilichoandikwa na mtengenezaji, kikiwa kimedumu nusu milisekunde, si namba ya kulinganishwa na mpaka huo. Wengi hukosea hapa, wakakataa adapta nzuri.

Kosa la upande wa pili, la kuamini cheti kupita kiasi, ni baya zaidi. Breka ya aina B ya ampea 10 hukata papo hapo mkondo ukifika kati ya ampea 30 na 50. Taa za LED ishirini, kila moja ikiwa na cheti chake, zikiwashwa kwa swichi moja zinaweza kuikatisha, kwa sababu cheti kilipima taa moja. Tena kilipima kwa ukinzani wa jumla wa laini ya umeme wa takriban omu 0.47, uliotokana na takwimu za nyumba za Ulaya. Nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu ya kijijini haina bahati hiyo.

Basi anayepokea ripoti ya maabara aanze na ukurasa unaotaja asilimia iliyotumika, aulize kwa nini ikachaguliwa hiyo, kisha aombe idadi ya vifaa vinavyoruhusiwa kwa breka moja.