Nani Aliyeuhakiki Wimbo wa Mwanza?

Watu wavukao kwa pantoni kutoka mjini Mwanza kwenda Kamanga, katika Wilaya ya Sengerema, huvuka na mizigo yao, kuku wao na nyimbo zao. Nyimbo hizo siku hizi hukaa ndani ya simu za mkononi, wala hazimwombi mtu ruhusa ya kusikika. Mvuvi husikia, mwuza dagaa husikia, mwalimu arudiye shuleni husikia. Na ikiwa mwanachuoni yumo chomboni, yeye naye husikia, ingawa hujifanya anatazama maji. Maneno haya yanamhusu mwanachuoni huyo.

Kosa lake si dogo. Ushairi wa Kiswahili usikiwao na watu wengi leo haumo vitabuni, umo vinywani mwa waimbaji vijana wa muziki uitwao Bongo Fleva. Mwanachuoni aweza kuuona mbaya. Hiyo ni haki yake. Lakini huuona mbaya kabla ya kuusikiliza, hukataa kufika mahali uimbwapo, kisha huandika makala ndefu juu ya kuporomoka kwa lugha. Hakimu atoaye hukumu bila ya kuingia mahakamani angefukuzwa kazi siku hiyo hiyo.

Kisa cha mwaka 2018 chatosha kuwa ushahidi. Mwaka ule Rayvanny, kijana wa Mbeya mwenye umri wa miaka 25, alitoa pamoja na Diamond Platnumz wimbo ulioitwa kwa jina la mji wa Mwanza. Mwezi wa Novemba Baraza la Sanaa la Taifa liliupiga marufuku kwa sababu ya maneno machafu. Mwezi wa Desemba waimbaji hao wakauimba Mwanza kwenyewe, katika tamasha la Wasafi, mbele ya umati. Baraza likawafungia wote wawili wasifanye maonyesho ndani wala nje ya nchi kwa muda usiojulikana. Wakaomba radhi, na baadaye wakafunguliwa.

Yaliyosomwa na nchi nzima juu ya usiku ule yalikuwa amri ya baraza na porojo za mashabiki na maadui. Baraza halilaumiwi hapa, maana kutoa amri ni kazi yake. Lawama ni ya wale ambao kazi yao ni kusoma mashairi na kuyapima, na ambao katika ghasia yote ile sauti yao haikusikika.

Nao walikuwa na la kusema. Kiini cha ugomvi kilikuwa mchezo wa maneno. Nyegezi ni mtaa wa Mwanza, kusini mwa mji kando ya ghuba, unaojulikana kwa stendi yake ya mabasi. Na jina lake linakaribiana kwa sauti na neno la Kiswahili lisilotamkwa mbele ya wakwe. Waimbaji waliviweka viwili hivyo pamoja. Huo si uzushi wa vijana wa leo. Taarabu ya mwambao imejaa maembe, mashua, vinu na michi, na mabibi wenye heshima zao huzicheza nyimbo hizo bila ya kuinamisha macho. Lakini fumbo jema huwa na mlango wa kutokea: asikiaye aweza kuapa kwamba alidhani linalosemwa ni embe tu. Wimbo wa Mwanza hauna mlango huo. Neno lililostahili kufichwa limetajwa, tena likarudiwa, hata jina la mtaa ndilo lililobaki kama kificho kisichoficha kitu. Kosa hilo ni la ushairi kabla ya kuwa la adabu. Mhakiki ambaye angesema hivyo angemfaa mwimbaji kuliko marufuku kumi, kwa kuwa marufuku humfundisha kijana kuogopa ofisi, wala haimfundishi kutunga.

Ufaransa iliwahi kupata mhakiki wa namna hiyo. Katika miaka ya 1960 waungwana wa Paris walimdharau Johnny Hallyday, kijana wa miaka kama 20, mwimbaji wa roki aliyewarusha akili vijana wenzake. Elsa Triolet, mzaliwa wa Moscow, mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya Goncourt, alikuwa amepita miaka 60 na hakuhitaji kujitafutia jina kwa mgongo wa mtoto. Alimtetea katika Les Lettres françaises, gazeti la fasihi lililoongozwa na mumewe, Louis Aragon, akawataka wenye chuki waeleze chuki yao. Mkono ulioandika riwaya ndio huo huo ulioandika habari za mwimbaji, na riwaya hazikuchafuka.

Itajibiwa kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Basi aulizwe Shaaban Robert. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, katika ukoo wa watumwa, akauza vyungu kabla ya kuuza sauti. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake katika santuri, naye akaimba kwa Kiswahili wakati ambapo taarabu ya jumba la mfalme ilikuwa ya Kiarabu. Wapo waliomcheka kwa asili yake. Shaaban Robert hakumcheka. Alimwandikia wasifu, ukachapishwa mwaka 1958. Kitabu hicho, ni kweli, kina sifa nyingi kuliko uchambuzi, na msomaji angefurahi kuambiwa zaidi juu ya sauti yenyewe. Lakini kipo. Leo mwanafunzi hukisoma kwa ajili ya mtihani, na mwalimu wake husema kwamba waimbaji si somo la chuo.

Wengine, nao ni wajanja zaidi, husema kwamba wimbo wa umati uachiwe umati. Hoja hii ina mizizi katika ardhi ya Mwanza yenyewe. Wasukuma wana vyama viwili vya ngoma vishindanavyo, Bagika na Bagalu, na katika mashindano yao kundi livutalo watazamaji wengi ndilo lishindalo. Ni hukumu ya haki kwa namna yake, maana atoaye hukumu huwa yupo uwanjani, miguu imo vumbini. Hata hivyo umati husema nani ameshinda. Hausemi kwa nini, wala haumwambii aliyeshindwa ubeti upi ulimwangusha. Hapo ndipo penye kazi ya mhakiki. Lakini mwanachuoni ameiacha kazi hiyo na hakuichukua hata ile ya umati. Hana sababu za kutoa, wala vumbi miguuni.

Tiketi ya tamasha huuzwa kwa daktari wa falsafa kwa bei ile ile auziwayo mvuvi wa Kamanga, na daftari na kalamu haviongezi nauli ya pantoni.