Nje ya kamba ya kituo cha ski, hakuna mwenye kuchunga mlima

Wakaaji wa Beni na Mutwanga wanaijua theluji kwa mbali. Wanaiona juu ya Ruwenzori siku mawingu yanapofunguka, na hakuna anayefikiri kwenda kuteleza juu yake kwa mchezo. Katika milima ya Alpes, huko Ufaransa, Uswisi na Austria, mamilioni ya watu wanafanya hivyo kila mwaka. Kati yao kuna watoto wa Kikongo wanaokaa Ubelgiji, kwa sababu shule nyingi za kule hupeleka wanafunzi milimani kwenye theluji. Kwa hiyo kuna jambo moja ambalo wazazi wanapaswa kulielewa: mpaka wa kituo cha ski.

Ndani ya kituo, mlima una wenyewe. Usiku, mashine zinashindilia theluji na kuisawazisha. Asubuhi mapema, kabla ya watu kufika, wafanyakazi hulipua baruti mahali penye hatari ili theluji isiyoshikamana iporomoke wakati hakuna mtu. Njia zina nguzo na rangi: katika Ufaransa kijani ni ya wanaoanza, nyeusi ni ya mafundi. Mtu akianguka, kuna watu wa kumfikia haraka.

Kisha kuna kamba, au mstari wa nguzo tu. Ngambo yake theluji ni ileile kwa macho, nyeupe zaidi hata, maana haijakanyagwa. Lakini hakuna aliyeipima.

Wengi wanafikiri hatari iko mbali, kwenye vilele vya juu. Hapo ndipo wanapodanganyika. Anayekwenda mbali hujitayarisha: anasoma tangazo la hatari ya siku hiyo, anabeba kifaa cha redio cha kutafutia aliyefukiwa, fimbo ndefu ya kupimia na beleshi la kuchimbia. Lakini anayetoka mita hamsini tu, huku akiona mashine iliyompandisha na mgahawa aliokunywa kahawa, anajiona bado yuko nyumbani. Wamarekani wamepatia sehemu hiyo jina lenye maana ya «pembeni tu». Baadhi ya wataalamu wa maporomoko wameomba jina hilo liachwe, na wana haki. Theluji haijui kama kituo kiko karibu.

Februari 2012 ilitoa somo mara mbili katika siku tatu. Tarehe 17, Mwanamfalme Friso wa Uholanzi alifukiwa na poromoko huko Lech, Austria, nje ya njia zenye alama. Siku hiyo onyo lilikuwa daraja la 4 juu ya 5. Hakuamka tena, akafariki Agosti 2013. Tarehe 19, kundi la watu 16 lilitoka nje ya mpaka wa kituo cha Stevens Pass, katika jimbo la Washington, Marekani. Walikuwa wazoefu, na wengine ski ilikuwa kazi yao. Watatu walikufa.

Tena si poromoko peke yake linalongojea huko. Tarehe 29 Desemba 2013, huko Méribel, Michael Schumacher, bingwa wa mashindano ya magari, aligonga kichwa kwenye jiwe kati ya njia mbili, mita chache tu nje ya alama. Uchunguzi wa haki ya Ufaransa ulifungwa bila kumshitaki mtu, maana alama zilikuwa sawa na sheria. Ndiyo maana halisi ya mstari ule: unaonyesha mahali mzigo wa kituo unapoishia na wako unapoanzia.

Na muda wa kuokoa mtu ni mfupi. Anayefukuliwa ndani ya dakika kumi mara nyingi anapona. Kisha nusu saa, wengi wamekwisha kukosa hewa. Helikopta haifiki kwa dakika kumi. Wenye kumuokoa ni wenzake waliosimama pale, kama wana vifaa na wanajua kuvitumia.

Je, mpaka ufungwe kabisa? Hapana. Jackson Hole, huko Wyoming, waliufunga kwa miaka mingi na watu wakapita chini ya kamba kwa siri. Mwaka wa 1999 kituo kilifungua milango yenye maandishi ya onyo. Mlango ulio wazi ni bora kuliko kamba inayorukwa, maana pale mtu anasoma kabla ya kupita.

Lakini mlango pekee hautoshi, na hapa vituo vinapaswa kulaumiwa. Picha wanazouzia tiketi zinaonyesha mtu mmoja akishuka kwenye theluji isiyoguswa, vumbi jeupe likipanda nyuma yake. Mteja akifika, kibao kinamwambia kwamba theluji kama ile ikiwa nje ya kamba, ni shauri lake. Huwezi kumwita mtu kwa mkono mmoja na kumfukuza kwa mwingine. Kila mlango uwe na kipimo cha kuonyesha kama kifaa cha redio cha anayepita kinafanya kazi, kama vituo kadhaa vinavyofanya tayari. Na picha ya tangazo iseme ukweli uleule wa kibao.

Wengine watasema hayo ni mambo ya matajiri, wafe na starehe zao. Lakini wanaoitwa kuchimba ni wafanyakazi na polisi wa mlima, na wao wanaingia chini ya mteremko uleule ambao umetoka kuporomoka.

Wazee walisema maji usiyoyafika hujui kina chake. Mzazi aliyeko Bruxelles au Liège, akiletewa karatasi ya safari ya theluji kutia saini, aulize maneno mawili: je, watoto watatoka nje ya njia zenye alama? Na kama ndiyo, nani atakuwa nao?