Seva ya akiba nayo ikianguka?

HISA za CrowdStrike, kampuni ya Marekani inayouza ulinzi wa kompyuta, ziliporomoka kwa takriban asilimia 11 Julai 19, 2024. Chanzo kilikuwa faili moja. Faili hilo jipya, lililotumwa kwa wateja, lilidai kipengele cha 21 wakati programu ilikuwa na 20 tu. Ilipokwenda kusoma pasipo na kitu, kiini cha mfumo wa Windows kikasimama. Microsoft ilikadiria kuwa kompyuta milioni 8.5 ziliathirika.

Faili liliondolewa baada ya dakika 78, lakini mashine nyingi zilizokwisha kuanguka hazikuinuka zenyewe. Mafundi walilazimika kuzishughulikia moja moja na kulifuta kwa mkono. Shirika la ndege la Delta lilidai hasara ya dola milioni 500.

Somo kwa wafanyabiashara liko hapo. Kampuni nyingi hujivunia seva ya akiba. Lakini seva inayopokea mabadiliko yale yale, saa ile ile, huanguka pamoja na ile kuu. Hiyo ni gharama, si akiba. Ni sawa na kuweka funguo zote mbili za duka mfuko mmoja.

Kwenye mkutano mkuu, wenye hisa huuliza gawio kwanza. Ni haki yao. Waulize na hili: seva ya akiba ilijaribiwa lini, na je, hupokea mabadiliko baada ya kuthibitika salama? Mkurugenzi asiye na jibu anahatarisha gawio hilo hilo.