Sadaka isidaiwe kama hongo ya njiani

Jumapili ya mavuno ina namna yake katika makanisa ya vijijini. Waumini wa maeneo kama Ntalikwa, pembezoni mwa mji wa Tabora, ni wakulima. Fedha kwao ni za msimu, tumbaku ikishauzwa. Kwa hiyo sadaka ya mavuno ni mahindi, karanga, asali au kuku, na ibada ikiisha hufuata mnada. Mtu hununua jogoo kwa bei inayozidi ya sokoni, kisha humkabidhi mjane aliyekaa nyuma, na vigelegele vinapaa. Lakini makanisa yetu haya haya yana desturi nyingine: kusoma hadharani majina ya walioshindwa kutimiza ahadi zao, au kumweleza mgonjwa kuwa hatapona mpaka “apande mbegu”. Hoja yangu ni kwamba furaha si pambo la sadaka ya Mkristo. Ndiyo kipimo chake, na pale inapokosekana wa kuulizwa kwanza ni anayekusanya, kabla ya anayetoa.

Mtume Paulo alipowachangishia maskini wa Yerusalemu, aliwasifu Wakristo wa Makedonia waliotoa kupita uwezo wao ingawa walikuwa mafukara. Wenyewe ndio waliomsihi awaruhusu kushiriki, hawakusukumwa. Akawaambia Wakorintho kila mtu aamue moyoni mwake, bila huzuni wala kulazimishwa. Kinyume chake ni hongo. Misafara ya karne ya 19 ilipokatiza nchi hii ya Wanyamwezi, huku kwetu Tabora, ilitozwa hongo na watawala wa njiani, na aliyelipa alikuwa ananunua ruhusa ya kupita, basi. Mahubiri yanayoahidi nyumba, gari au uponyaji kwa kiasi fulani cha fedha yanamgeuza Mungu kuwa mtawala wa njiani. Anayelipa kwa hofu hawezi kufurahi, na akishalipa atabaki akihesabu siku za kurudishiwa chake.

Historia ya magharibi mwa Tanzania inatupa mfano wa utoaji wa aina nyingine. Adrian Atiman alizaliwa bonde la mto Niger, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani, kisha akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria. Alisomea uganga Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Alitibu wagonjwa na kufundisha dini huko huko hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 haielezeki kwa hesabu ya deni, kwa maana fedha iliyomkomboa ingekuwa imelipika mapema mno. Inaeleweka zaidi tukisema kwamba aliyepewa uhuru bila kuununua aliona kutoa ni sehemu ya uhuru huo.

Kuna atakayepinga kuwa ukombozi wenyewe ulikuwa na doa, kwani fedha za kuwakomboa watoto ziliishia mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa. Ni kweli, na pingamizi hilo linatufundisha kitu: moyo mwema hautoshi kama hatuangalii fedha inaishia wapi. Ndiyo maana Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la Mapadre Weupe, mwaka 1888 alizunguka miji mikuu ya Ulaya akitaka biashara yenyewe ipigwe vita. Ukarimu wa kweli haukwepi kuuliza kwa nini kuna wahitaji.

Wapo pia wazee wa kanisa watakaosema kuwa vigelegele havinunui bati wala dawa, na kwamba bila msukumo watu hawatoi. Nakubali gharama zipo. Hospitali ya Wamoravian kule Sikonge haiendeshwi kwa nyimbo. Lakini watu hutoa kwa hiari wanapoona kazi ya mchango wao, kama wanavyomwona yule mjane na jogoo wake. Methali isemayo kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, inamlinda maskini asidharauliwe, lakini siku hizi imekuwa fimbo ya kumkamulia. Hata habari ya mjane wa senti mbili hutumiwa hivyo, na wanaoitumia huruka maneno yanayoitangulia katika Injili ya Marko, ambapo Yesu anawakemea viongozi wa dini wanaokula nyumba za wajane.

Kwa hiyo mabaraza ya kanisa yaanze na mambo matatu yasiyo na gharama: yaache kusoma majina ya wadaiwa, yasome hesabu za mapato na matumizi mbele ya waumini wote, na yatamke wazi fungu gani la kila mavuno ni la wahitaji. Kanisa lisiloweza kuishi bila kuwatisha maskini wake halina upungufu wa sadaka. Lina upungufu wa Injili.